Funika Kombe Mkaguzi Apite

Pale Ilula kuna mtungi mmoja wa kuzimia moto ambao umepita mbele ya wakaguzi kuliko gari lolote ninalolijua. Ni mwekundu, umechubuka shingoni, na mshale wa geji yake umelala kwenye kijani siku zote. Kama ni kwa sababu gesi imejaa au kwa sababu mshale umekwama, hakuna aliyewahi kujaribu. Ukifika wakati wa kukagua magari, mtungi huo hutoka kwenye Noah hii ukaingia kwenye Noah ile, ukifuatana na pembetatu zake za tahadhari na tairi moja ya akiba ambayo haijawa kipara. Anayekwenda Iringa leo anaurudisha jioni, wa kesho anaupokea hapo hapo stendi. Hakuna anayeona haya. Ndivyo tulivyozoea kukaguliwa: gari linavaa, linaonekana, linavua.

Ni katika mazoea hayo taa ya eabegi ya gari letu ilianza kuwaka na kuzimika.

Gari lenyewe ni Toyota Noah ya 2004, mali ya shemeji yangu na mimi, nusu kwa nusu. Linabeba abiria kati ya Ilula na Iringa mjini, kilomita kama 45 za barabara kuu ya TANZAM, ile ile inayotoka Morogoro, ikapita Mikumi na kwenda zake Mbeya hadi Tunduma. Siku za vitunguu hukodiwa na wafanyabiashara kuteremka Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni. Msimu wa nyanya ndiyo usiseme, maana hakuna anayepanda bila ndoo au tenga, na kiti cha mbele kinapakiwa mizigo kuliko buti. Leseni ya kazi hiyo hutolewa na LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, na gari halipati leseni kabla halijapita kwa mkaguzi wa polisi wa usalama barabarani. Huyo anatazama breki, taa, tairi, usukani, mikanda, waipa, vioo, honi. Leseni yetu ilikuwa inakaribia kwisha.

Taa ya eabegi, kwa asiyeifahamu, ni kijipicha chekundu cha mtu aliyeketi, na mbele ya kifua chake kuna duara. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, huwaka kwa sekunde kama sita kisha ikazimika yenyewe. Maana yake mfumo umejipima na kujiona mzima. Yetu ilikuwa inazimika vizuri tu, gari linaondoka, halafu njiani, pasipo shimo wala tuta, inarudi. Ukizima gari na kuliwasha tena, haipo. Zinapita siku hujaiona, ukishaanza kusahau, hiyo hapo.

"Bosi, hii taa ina mashetani," dereva wetu aliniambia, kijana wa hapo hapo kwetu. "Fundi akija haiwaki. Fundi akiondoka inawaka."

Fundi umeme wa kwanza tuliyemwita alikuja na mashine ya kupimia, ile ya kuchomeka chini ya usukani. Akabonyeza, akatazama, akasema kuna hitilafu ya zamani imehifadhiwa humo, akaifuta. Haikupita wiki taa ikarudi. Alipokuja mara ya pili hakuchomeka kitu. Aliinama dirishani, akasema kwa sauti ya kunionea huruma, "Mzee, hiyo tunaiua tu. Elfu kumi na tano, na mkaguzi haoni kitu."

Kuua taa ni kazi yenye ufundi wake, na mafundi wanaoijua hawakosi wateja. Njia ya kienyeji ni kufungua dashibodi na kung'oa balbu au kuibandika gundi nyeusi. Hiyo anaikamata yeyote anayejua kwamba taa lazima iwake kwanza ndipo izimike. Kwa hiyo wajanja wakasogea mbele, wakaiunganisha na taa nyingine, ya oili au ya chaji. Ukifungua swichi zinawaka pamoja, injini ikiunguruma zinazimika pamoja, na mtu asiye makini ataapa kwamba mfumo ni mzima. Njia ya tatu ndiyo inayonitisha. Wanaondoa eabegi yenyewe, pengine ilishafyatuka zamani kwenye ajali, kisha mahali pake wanaweka kirezista kidogo cha omu mbili hivi. Kompyuta ya gari inapima, inakuta kipimo inachokitarajia, inaridhika. Taa inawaka sekunde zake sita na kuzimika kwa adabu zote. Ndani ya usukani hamna kitu.

Nimtendee haki shemeji yangu, kwa sababu hoja yake haikuwa ya kipumbavu. "Shemeji," alisema, "tangu tumeanza kazi hii umewahi kumwona mkaguzi akiuliza habari ya eabegi? Gari linakwenda, breki zinashika. Tuna rejesho la kikundi mwisho wa mwezi. Tukianza kukimbizana na taa inayokuja na kuondoka, tutabadilisha waya wa gari zima na bado itawaka." Kila alichosema kilikuwa kweli. Tena kuna mafundi ambao kweli wangebadilisha waya wa gari zima, kisha wakakuambia ujaribu na betri mpya.

Mimi hoja yangu ilikuwa fupi. Jumapili dereva anapumzika, na kiti kile nakikalia mimi.

Nikataka kwanza kujua kitu chenyewe kinafanyaje kazi. Katikati ya gari, chini, kuna kompyuta ndogo ya eabegi peke yake. Kazi yake kubwa si kufyatua mfuko wa eabegi, maana magari mengi huishi na kufa bila kuufyatua. Kazi yake ya kila siku ni kupima. Tangu unapofungua swichi, inapitisha umeme hafifu kwenye kila njia, ya eabegi ya dereva, ya abiria, ya mikanda inayojikaza, ya vihisio vya mbele, kuhakikisha kwamba njia haijakatika wala haijagusana na bodi. Ikikuta njia imekatika hata kwa muda mfupi, inawasha taa na kuandika ilichokiona. Njia ikirudi, taa inaweza isionekane ukiwasha gari tena, lakini maandishi yanabaki. Ndiyo maana yule fundi alikuta "hitilafu ya zamani". Alichokifuta kilikuwa ushahidi. Mtu akija na mashine kwenye gari lako, mwambie anakili namba zote kwenye karatasi kabla ya kugusa kitufe cha kufuta. Kufuta ni sekunde moja, na kurudishwa hakurudishwi.

Na kwa nini hitilafu ije na kuondoka? Kwa sababu mara nyingi hakuna kilichokufa. Kuna kitu kilicholegea, au kilichopata ufa unaofunguka na kufumba. Njia nzima ya eabegi ya dereva ina ukinzani wa omu mbili au tatu, kwa hiyo kutu kidogo tu kwenye soketi inatosha kuiharibu hesabu. Chini ya viti vya mbele kwenye magari mengi kuna soketi za njano, rangi ambayo watengenezaji wengi wameipa mifumo hii ili fundi ajihadhari, na kwenye gari la abiria soketi hizo hupigwa mateke na mabegi na kumwagiwa maji na vijana wa kuosha magari. Betri iliyochoka nayo hufanya vituko, hasa asubuhi za Juni na Julai ambapo baridi ya Iringa haina masihara. Yote hayo yangeweza kuwa yetu. Mashine ya fundi inasoma kilichopo sasa hivi au kilichoandikwa. Haiwezi kukuambia gari lilikuwa linafanya nini taa ilipowaka. Hilo analijua aliyekuwa kwenye usukani, na kwa kawaida hakuna anayemuuliza.

Nimefanya kazi ya stoo miaka mingi, na mtunza stoo akikosa cha kufanya huchukua daftari. Nilinunua kauntabuku ndogo, nikachora mistari, nikaifunga kwa uzi kwenye mkono wa kiti. Siku, saa, mahali, gari lilikuwa linafanya nini, kuna mvua au vumbi, nani amekaa mbele. Nikamwambia kijana, "Mdogo wangu, ikiwaka usinipigie simu. Andika." Alicheka, lakini aliandika. Mwandiko wake ulikuwa mbaya na akili yake nzuri.

Mwanzoni daftari lilituondolea washukiwa tu. Taa iliwaka asubuhi ya baridi na iliwaka saa nane mchana, kwa hiyo betri si ya kulaumiwa kwanza. Iliwaka akiwa peke yake, hakuna wa kupiga soketi mateke. Vumbi, mvua, vyote sawa. Safu moja tu ndiyo iliyoanza kujirudia, ile ya mahali. Kona za Kitonga. Ule mpando wa kutoka Ipogolo kuingia Iringa mjini. Kugeuza gari stendi. Na pembeni ya ukurasa mmoja, nje ya mistari yangu, kijana alikuwa ameandika neno ambalo sikumtuma aliandike: *honi hakuna*.

Nilimuuliza. Akaeleza kwamba alikuwa anateremka Kitonga, kwenye kona lori likajitanua upande wake, akabonyeza honi, kimya. Akabonyeza tena, kimya. Gari liliponyooka honi ikalia yenyewe kwa sababu kidole kilikuwa bado kiko pale pale. Aliliandika kwa sababu lilimtia hofu, hakudhani linahusiana na taa.

Jioni ile tulilipeleka gari kwenye uwanja wa mpira. Watoto wakajaa, wanapenda honi. Nilikaa kwenye usukani, injini inaunguruma, nikageuza kushoto polepole huku nimebonyeza honi moja kwa moja. Ililia robo mzunguko, nusu, mzunguko mzima. Kupita hapo kidogo ikakata. Nikarudisha kiganja kimoja, ikalia. Nikasogeza, ikakata. Na kwenye dashibodi, yule mtu mwekundu na duara lake akajitokeza. Watoto walishangilia kana kwamba tumefunga goli.

Nyuma ya usukani kuna kasha la plastiki bapa, na ndani yake utepe mwembamba wenye njia za shaba, umezungushwa kama utepe wa kupimia wa fundi cherehani. Waya za eabegi na za honi haziwezi kwenda moja kwa moja kutoka kwenye bodi, zingejinyonga usukani ukizunguka. Kwa hiyo zinapita kwenye utepe huo, unaojikunja ukigeuza upande mmoja na kujikunjua ukigeuza mwingine. Ukipata ufa, ufa unafumba usukani ukiwa umenyooka na unafunguka ukifika pembe fulani. Ndiyo sababu fundi alipokuja kwetu, gari limeegeshwa limenyooka mbele ya duka, hakuona lolote ila maandishi ya zamani. Mashetani ya kijana yalikuwa na makazi, na makazi yenyewe yana ukubwa wa sahani.

Nikamcheka shemeji kidogo. Tungeua taa kwa elfu kumi na tano, halafu tungefika kwa mkaguzi na honi inayokata kwenye kona. Honi iko kwenye orodha yake. Si kwamba angegundua, kwa sababu honi hupimwa gari likiwa limenyooka, lakini shemeji hakufika huko kimawazo, nami sikumsaidia.

Kazi yenyewe tulimpa fundi mwingine, mzee wa makamo mwenye gereji Ipogolo. Nilimpa kauntabuku. Aliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, miwani imeteremka puani, kabla hata hajaniuliza tatizo ni nini. Kisha akageuza usukani mara moja huku kidole kiko kwenye honi, akasema, "Nani ameshughulika na usukani wa gari hili?" Nikakumbuka kwamba mwaka uliotangulia gereji moja, ambayo si lazima niitaje, ilitutengenezea raki ya usukani. Akatikisa kichwa. Wakifungua raki na kuuacha usukani ujizungukie, utepe unapoteza katikati yake. Ukirudishiwa hivyo hivyo, upande mmoja unabaki mfupi, na kila ukikata kona kali unavutwa. Haukatiki siku hiyo. Unachoka.

Nilipenda jinsi alivyofanya kazi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Alitoa kwanza kichwa cha hasi cha betri, halafu akaagiza chai. Mimi nikamwambia mzee wangu, muda wetu mfupi. Akasema, "Subiri kwanza. Umeme bado umo humo ndani." Kompyuta ya eabegi ina akiba yake ya umeme, imewekwa makusudi ili betri ikipondeka kwenye ajali mfuko bado ufyatuke. Toyota wenyewe wanaelekeza kusubiri sekunde 90 baada ya kutoa betri. Yeye alisubiri glasi nzima ya chai ya tangawizi. Alipoutoa mfuko, ambao ndiyo kile kifuniko cha katikati ya usukani, aliubeba mbali na uso na kuulaza mezani kifuniko kikitazama juu. Ukifyatuka umelazwa kifudifudi, unarushwa juu wote, na chuma chake. Kijana mwanafunzi wake alisogea na mita ya kupimia umeme, akafukuzwa kwa sauti. Mita ya kawaida hupeleka umeme kidogo ili ipime, na kidogo hicho kinaweza kutosha kuwasha baruti ya mfuko. Mfuko hufunguka na kujaa ndani ya sehemu ya ishirini ya sekunde. Hakuna mkono wa binadamu unaowahi kujiondoa.

Utepe mpya tuliagiza Dar es Salaam, ukaja na basi, tukaupokea stendi ya Igumbilo. Shemeji alitaka wa mtumba wa Ilala, bei yake nusu. Fundi akakataa. Wa mtumba umetoka kwenye usukani wa mtu mwingine, umechoka kiasi gani hakuna ajuaye, na ufa wa mwanzo hauonekani kwa macho. Mpya huja na kizuizi cha plastiki kinachoshikilia katikati yake mpaka siku ya kufungwa. Alinionyesha pia namna ya kuutafutia katikati ule ambao kizuizi kimeshatoka. Unauzungusha taratibu kinyume cha saa mpaka ukaze, kisha unaurudisha mizunguko miwili na nusu mpaka alama zilingane. Magurudumu nayo yawe yamenyooka. Kazi nzima, ukiondoa chai, ilikwisha kabla ya mchana. Gharama ilizidi mara kadhaa bei ya kuua taa, na rejesho la mwezi ule lilikwenda limechelewa. Taa haijawaka tena njiani.

Tukaenda kukaguliwa. Mkaguzi alikuwa mtu makini, sina la kumlaumu. Alilala chini kutazama breki na mafuta yanayovuja, akapima meno ya tairi, akavuta kila mkanda, akabonyeza honi mara mbili, usukani umenyooka. Mtungi wa kuzimia moto aliutazama mshale, akaridhika. Dashibodi hakuitupia jicho. Tulipita, na shemeji njia nzima ya kurudi hakuacha kunikumbusha kwamba yeye alisema.

Alisema kweli, na hapo ndipo ninapotaka wenye mamlaka wanisikie. Noah zetu, Vitz zetu, Corolla zetu, karibu zote zimetoka Japani zikiwa zimeshatumika. Huko kwao, tangu Februari 2017, gari likifika kwenye ukaguzi na taa ya eabegi inawaka, halikaguliwi, linarudishwa likatengenezwe. Uingereza taa hiyo ni sababu ya kufeli tangu 2013. Kwetu gari hilo hilo linabeba abiria, na taa yake ni suala la mwenye gari na dhamiri yake. Sisemi tuige kila kitu. Tukisema tu "taa ikiwaka, umefeli," biashara ya elfu kumi na tano itastawi kuliko ilivyo. Mkaguzi atakiwe kufanya jambo moja dogo: afungue swichi kabla injini haijawashwa, aione taa ikiwaka, kisha aione ikizimika kwa wakati wake, si kwa kufuata taa ya oili. Ni jambo la sekunde sita. Wale wa kirezista hatawakamata, kwa hao kunahitajika kumulika ndani ya usukani, lakini wengi wataachana na gundi nyeusi.

Tena hata taa nzima haisemi yote. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mamilioni ya eabegi ambazo baruti yake, ya amonia naitreti, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka. Zikifyatuka, kasha la chuma hupasuka na kurusha vipande kwa dereva. Marekani pekee zimeua watu zaidi ya 20, kampuni ikafilisika 2017, na magari ya makampuni mengi yakaitwa kurudishwa, zikiwamo Vitz na Corolla za miaka ya mwanzo ya 2000 ambazo zimejaa barabarani kwetu. Kasoro hiyo haiwashi taa yoyote. Toyota ya Japani ina tovuti ambako unaingiza namba ya chesisi na kuambiwa kama gari lako limo kwenye orodha. Ni ya Kijapani, lakini kijana yeyote mwenye simu ataisoma kwa msaada wa programu ya kutafsiri. Wenye magari yaliyokaa Dar, Tanga au Mombasa, kwenye joto na unyevu, wafanye hivyo mapema kuliko sisi wa nyanda za juu.

Kuna na jambo la kiti cha mbele. Mfuko wa abiria unatokea kwenye dashibodi, pale pale tunapotandika zulia la manyoya na kuweka boksi la tishu. Vyote hivyo vitarushwa usoni. Mama mmoja wa sokoni, abiria wetu wa siku nyingi, alikuwa na mazoea ya kukaa mbele na ndoo ya nyanya mapajani, amefunga mkanda juu ya ndoo. Tulipotengeneza usukani nilimwomba ndoo iende nyuma. "Kwani imekukosea nini, baba?" akaniuliza. Nikamweleza habari ya mfuko. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba kumbe hatari ya gari hili ni pale linapokuwa zima. Sikuwa na jibu la haraka. Mfuko umetengenezwa kusaidiana na mkanda uliofungwa kifuani, kwa mtu aliyekaa nyuma kidogo, mikono mitupu. Kwa mtoto aliyepakatwa, kwa watu wawili waliobanwa kiti kimoja, au kwa ndoo, ni pigo. Siku hizi anakaa mbele, ndoo iko nyuma, na nauli ya ndoo anagoma kulipa.

Msomaji unayejiandaa kununua gari la mtumba, iwe kwa dalali wa Mwanjelwa au kwa jirani, usikubali kulikuta limeshawashwa. Omba ufunguo mwenyewe, fungua swichi tu, utazame dashibodi. Kijipicha chekundu kiwake, kikae sekunde zake, kizimike kabla hujagusa injini. Halafu washa, geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili huku umebonyeza honi. Ikikata, punguza bei. Kama kijipicha hakikuwaka kabisa, rudisha ufunguo.